Goti la Abeli

Mikumi,
13 Oktoba 2024

Abeli, mtani wangu mwenye miguu ya korongo,

Hujambo? Mimi sijambo kupita kiasi. Mfikishie shangazi Hildegarda shikamoo yangu, mwambie kile kitenge cha njano nilikivaa kanisani leo na mama mchungaji mwenyewe akageuza shingo. Baba na mama niliwapigia jana, ni wazima, ila baba bado anasimulia harusi kama vile aliyeolewa ni yeye.

Nimeolewa, Abeli! Wiki imepita na bado nikiamka natazama kidole kwanza, nione kama pete ipo. Octavian anaamka kabla yangu, anachemsha chai mwenyewe, ananiletea kikombe huku anaimba wimbo ambao maneno yake hayajui. Hospitalini anawanyoosha migongo wakata miwa wanaoletwa kutoka Ruhembe. Kabla hajamshika mgonjwa anasugua kwanza viganja vyake vipate joto. Nilimwona Jumanne nilipompelekea chakula. Nilisimama mlangoni na hotpoti yangu, machozi yakanitoka. Mzee aliyelala kitandani akageuka akaniuliza, "Binti, unalia nini, kwani mimi ndiyo nakufa?"

Sasa hivi amenikuta nakuandikia, akacheka. "Si umpigie tu?" Nikamwambia simu ni ya kuulizana umefika salama. Abeli namwandikia tangu tuko bweni, shule mbalimbali, simu zikiwa marufuku, na raha yake ni kwamba kwenye karatasi hawezi kunikatiza.

Nikushukuru kwa harusi. Bila wewe ingekuwa mkutano wa kijiji. Nikifumba macho nakuona umekalia kiti cha bwana harusi, umekunja nne, unawaambia watu huondoki mpaka uletewe jogoo, kwa sababu mimi ni mtoto wa mjomba wako, kwa hiyo ni mke wako, na Octavian ni mwizi. MC hakujua afanye nini! Ndipo nikamnyang'anya kipaza sauti. Najua bibi harusi hutazama chini, lakini mtani anapokuchokoza utavumilia vipi? Nikasema, "Mwacheni akae, huyo hawezi kusimama. Goti lake lilishakufa. Anacheza raga kwa sindano za ng'ombe, anachomwa na daktari wa mifugo pale mnadani, na dawa ikiisha analia kama ndama." Ukumbi ukapasuka. Hata kocha Goodhope, mgeni wa Octavian aliyekaa meza ya mbele, alivua miwani akajifuta machozi.

Sasa sikiliza. Octavian kama unavyojua ndiye mtaalamu wa viungo wa timu ya taifa, na Novemba atakaa na akina Goodhope kuchagua watakaokwenda Malta mwezi wa pili. Malta, Abeli! Ameniahidi manukato. Nawaombea wote wawili msafiri pamoja, mume wangu wa kweli na mume wangu wa utani, ingawa nahofia watu wa huko wakikuona watafunga bandari.

Mimi uliyeshindwa kunioa,
Vaileth


Kilosa,
27 Oktoba 2024

Kwa mke wangu aliyeibwa, mwenye sauti ya mashine ya kusaga,

Barua imefika. Dereva wa basi alinipa huku anacheka, nadhani aliinusa. Umepaka nini kwenye karatasi, marashi au sabuni ya mbwa? Mama amepokea shikamoo yako, anasema marahaba, na anauliza kama umeshajifunza kupika au Octavian bado anakula chai.

Hapa tuko salama. Kibanda changu cha kuchomelea kina kazi, mageti matatu kwa mwezi huu. Mvua bado. Ng'ombe wa jirani wamekula tena mchicha wa mama, na mama amemfuata jirani na mwiko.

Mchujo tulicheza Morogoro Jumamosi iliyopita. Vaileth, sijawahi kucheza vile. Jezi namba kumi na tano, beki wa mwisho, mtu anayebaki peke yake nyuma akisubiri mipira inayoshuka kutoka mawinguni. Mpira mmoja ulipigwa juu mpaka nikaona jua badala yake. Nikasimama. Nikasikia miguu yao inakuja kama maksai. Nikaudaka, nikawapita wawili, wa tatu akabaki na kipande cha soksi yangu. Baada ya mechi kocha Goodhope aliniita pembeni. Akaniambia nichuchumae, nisimame, nichuchumae tena. Akanitazama mguu kwa muda mrefu, akasema, "Haya, asante." Nafikiri nimempendeza.

Nina miaka ishirini na minane. Ziara kama hii ikija tena nitakuwa wa kubeba maji ya wachezaji. Kwa hiyo nakueleza jambo bila utani. Usimwambie shemeji neno lolote juu yangu. Agosti alinishika goti kwa mikono yake miwili, akalipinda akalinyoosha, akasema ni zima kama la mbuzi wa mlimani. Hilo linanitosha. Sitaki watu waseme niliingia kwa mlango wa shemeji.

Mama tayari amewatangazia wanawake wote wa kanisani kwamba mwanawe anapanda ndege. Ameambiwa Malta ni baridi mwezi wa pili, na kila siku ya soko anapita kwenye mitumba kutafuta koti. Nimemwambia asubiri majina. Anasema majina ni ya watu, koti ni la mwanawe.

Msalimie mwizi.

Mumeo wa kwanza,
Abeli


Mikumi,
17 Novemba 2024

Kwa Abeli,

Hujambo wewe na shangazi? Sisi hatujambo. Mvua zimeanza kidogo na vumbi la barabara limelala. Nimeshona mapazia mapya ya rangi ya machungwa, Octavian anasema chumba kinaonekana kama ndani ya embe. Nyani waliingia jikoni Jumatano wakaondoka na mkate mzima na kitambaa cha meza nilichopewa harusini na rafiki zangu akina Bibiana. Nililia, kisha nikacheka. Mmoja alikuwa amejitanda nacho kichwani kama bibi harusi.

Octavian alirudi kutoka Morogoro Alhamisi. Amechoka. Wana mambo mengi huko.

Nimejifunza kupika samaki wa nazi, mwambie shangazi. Octavian hakula sana, lakini ni uchovu.

Kuhusu koti, mwambie shangazi asinunue kwanza. Labda baadaye bei zitashuka.

Sina lingine. Nina furaha sana katika ndoa yangu.

Vaileth


Kilosa,
8 Desemba 2024

Dada Vaileth,

Shikamoo.

Natumaini wewe na shemeji ni wazima. Mama ni mzima. Mimi pia.

Majina yametoka. Jezi namba kumi na tano amepewa Timotheo wa Morogoro. Ni kijana mzuri, ana mbio. Sina ugomvi naye. Yeye ndiye aliyenipigia, akaniambia pole, akaniuliza goti linaendeleaje. Nikamuuliza goti gani. Nilipombana akasema kwenye timu kila mtu anajua kwamba nacheza kwa sindano, kwamba habari zimetoka nyumbani kwa mtaalamu wa viungo, kwa mke wake.

Nilikuwa nimeshika kifaa cha kuchomelea. Nilikiweka chini.

Mama alikuwa ameshanunua koti. Ni jeusi, lina vifungo vikubwa. Amelikunja akaliweka chini ya godoro, na wanawake wa kanisani hawamuulizi tena, na hilo la kutomuuliza ndilo baya zaidi.

Ninakuomba jambo moja. Kikao kilipofika kwenye jina langu, shemeji alisema nini?

Wasalaam,
Abeli Mathayo


Mikumi,
15 Desemba 2024

Mpendwa Abeli,

Hujambo, na shangazi? Sisi hatujambo.

Abeli, umeniandikia shikamoo. Mimi na wewe tulibatizwa Jumapili moja, tukanyonyeshwa kwa zamu na mama yako. Hakuna matusi ambayo hujanipa tangu tujue kusema. Niliisoma hiyo "shikamoo" nimesimama kituo cha mabasi, nikalazimika kukaa kwenye gunia la mkaa la watu. Ungeniita mbwa ningepona.

Ni kweli. Ni yale maneno ya harusi. Kocha Goodhope hakujua mimi na wewe tunahusianaje. Aliona tu mke wa mtaalamu wa viungo amesimama siku ya harusi yake akasema mbele za watu kwamba mchezaji fulani anachomwa sindano. Wewe ulidhani unapendeza alipokuwa anakuchuchumaza. Mimi nilikuwa nimeshakumaliza.

Ningeweza kukaa kimya kama mabibi harusi wote! Lakini nilikuwa na furaha, Abeli, furaha ilinijaa mpaka kwenye meno. Nilitaka watu wote wacheke. Nilitaka Octavian aone kwamba ameoa mwanamke mchangamfu. Sasa nikipita sokoni nasikia kicheko changu mwenyewe na natamani kuingia kwenye gunia la dagaa.

Umeuliza Octavian alisema nini. Octavian hakuwemo chumbani jina lako lilipofika. Hakusema neno baya hata moja juu yako. Naomba uamini hivyo. Ni mtu mwadilifu, wewe mwenyewe unajua.

Nisamehe. Mwambie shangazi anisamehe. Krismasi nitatuma mchele na kitu kidogo cha kuvaa.

Vaileth wako


Mikumi,
12 Januari 2025

Abeli,

Heri ya mwaka mpya. Mchele na kitenge vilifika, dereva kaniambia shangazi alivipokea kwa mikono miwili na kusema asante. Nilimuuliza, "Na Abeli?" Akasema ulikuwa unachomelea, hukuinua hata kinga ya uso. Hujanijibu. Naandika hivyo hivyo.

Nilikuandikia kwamba Octavian hakuwemo chumbani. Hiyo ni kweli, ila niliiandika kwa ujanja: alikuwemo, akatoka. Tangu ile siku kalamu inanionea aibu. Sasa nitasema yote.

Ijumaa baada ya Krismasi tulikuwa mezani. Nikamuuliza, "Hivi ulitokaje chumbani?"

Akasema, "Kwa miguu."

"Octavian."

Akaweka kijiko. Akaniambia kwamba jina lako lilipotajwa, Goodhope alimgeukia akamuuliza, "Mwenzetu, hili goti likoje? Maana mkeo mwenyewe alituambia." Na wote wakamtazama. Akasema, "Huyu ni shemeji yangu, si haki mimi kumsemea." Akainuka, akatoka nje, akasimama barazani mpaka walipomwita tena. Walipomwita, namba kumi na tano ilikuwa ya Timotheo.

Nikamwambia, "Lakini ulijua ni utani. Ulikuwepo. Ulicheka kuliko wote."

"Nilijua."

"Na goti ulilishika."

"Nililishika. Vaileth, ningesema ni zima, wangesema nimembeba ndugu wa mke wangu. Nilikuwa na mwezi mmoja tu tangu nioe! Na yeye mwenyewe hakutaka kubebwa. Niliona kutoka nje ndiyo heshima."

"Heshima ya nani?"

Akainuka, akaanza kuosha vyombo, na hakuwa ameimba tangu Novemba. Ndipo nikaelewa hata kwa nini haimbi.

Abeli, wewe uliniandikia nisimwambie neno, hutaki kuingia kwa mlango wa shemeji. Nimejaribu kukitumia hicho kumtetea. Nimelala nacho, nimeamka nacho. Hakitoshi. Kumsemea ndugu ni jambo moja, na mtaalamu kuulizwa juu ya goti alilolishika ni jingine. Alipotoka, wale waliobaki walidhani anaona aibu kusema ubaya wa shemeji yake. Aliwaachia sentensi, wakaimalizia wenyewe.

Na mimi bado nampenda. Nilikuandikia barua nzima juu ya mikono yake, sasa naitazama hiyo mikono ikipangusa sahani na naona aibu kwa ajili yake na kwa ajili yangu, na bado nampenda. Sijui kama hiyo inaruhusiwa.

Kesho yake, Jumamosi, nilimwambia twende Morogoro. Hakubisha. Tulimkuta kocha Goodhope uwanjani anakusanya koni. Nikamwamkia, nikamwambia palepale kwamba wewe ni mtoto wa shangazi yangu, kwetu huyo ni mtani wa damu, na yale ya sindano nilikuwa nakujibu wewe.

Akanitazama. "Utani?"

"Utani, mwalimu."

"Mama, kwetu kule bibi harusi siku hiyo hata maji anaombewa. Wewe ulisimama ukashika kipaza sauti. Nikasema, huyu dada kuna jambo limemkaba, analitoa kwa kicheko." Kisha akamgeukia Octavian. "Goti likoje?"

Octavian akasema, "Zima."

"Na Novemba lilikuwaje?"

"Lilikuwa zima."

Koni zikamwanguka mikononi. "Bwana wewe! Nilikuuliza mbele ya watu wazima. Ungesema neno moja tu, zima, na ungekaa zako. Sasa tiketi zina majina ya watu, huyo mtoto Timotheo ameshaaga kwao. Nimfanye nini?"

Akasema atakueleza mwenyewe, kwamba na yeye ana kosa, alipaswa kukupeleka kwa daktari mwingine badala ya kukuchuchumaza kama kuku mnadani. Lakini ziara ndiyo hivyo, imekwenda.

Jana Octavian ameniambia atajitoa, hatakwenda Malta, hastahili. Sikumwomba. Nilidhani nikuandikie ujue hilo.

Huna haja ya kunijibu kwa upole. Nijibu tu.

Vaileth


Kilosa,
26 Januari 2025

Dada Vaileth,

Salamu. Barua zako zote zimefika. Kocha Goodhope alikuja mwenyewe kwa treni, akakaa kwenye kibanda changu juu ya ndoo ya rangi, akasema aliyokuja kusema. Mama alimpa uji.

Mwambie shemeji asijitoe. Hiyo itakuwa mara ya pili anatoka nje ya chumba. Migongo ya wenzangu haina kosa, na Timotheo ana paja linalokaza kwenye baridi, linahitaji mtu anayelijua. Aende, afanye kazi yake, arudi.

Akirudi, mama ana shamba la mpunga kule bondeni na magugu yameshaanza kuufunika. Mama anasema aje na jembe lake. Asilete zawadi. Na aje amevaa ile traksuti ya timu, yenye bendera.

Unajua watani wakikosewa wanafanyaje: mkosaji analipa kwa jasho na kuchekwa. Nitawaita wenzetu.

Abeli


Mikumi,
2 Machi 2025

Kwa Abeli,

Anayekupa barua hii ndiye mwenyewe.

Amerudi juzi. Kuhusu Malta hasemi mengi, isipokuwa mechi moja tumepigwa vibaya na nyingine tumeshinda kwa jasho, na kwamba ile waliyopigwa, mipira ya juu ilikuwa inaanguka nyuma hakuna mtu. Manukato aliyoniletea nimeyaweka kabatini, sijayafungua.

Traksuti nimeifua na kuipiga pasi. Jembe ameazima kwa jirani, amelishika kama anashika mtoto wa mtu. Nilitaka kuja naye, akakataa, akasema hili ni la kwake. Nimesimama kwenye geti mpaka basi lilipopotea. Anaogopa, Abeli. Alikuwa anajaribu kuimba.

Mfanyieni kila mnachotakiwa kumfanyia. Ila mgongo wake wa chini, upande wa kushoto, si mzuri sana. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nimeandika.

Shangazi, shikamoo.

Vaileth


Kilosa,
9 Machi 2025

Vaileth, mdomo usio na breki, bibi harusi wa nyani,

Hujambo? Sisi hatujambo, ila mpunga wetu haujambo kwa shida, na sababu yake ni mumeo.

Nimekurudishia wiki iliyopita akiwa mzima lakini najua hajakueleza, kwa hiyo naeleza mimi. Alishuka kwenye basi na traksuti imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Watoto wa stendi walimfuata wakidhani ni mchezaji. Bondeni walikuwa wanamsubiri Domina, Devota, Stefano na wengine ambao hata hukuwaalika harusini, wote watani halali, wamekaa kwenye tuta na vikombe vya uji kama wako uwanjani.

Akamwamkia mama. Mama akasema marahaba, akamwonyesha jaruba la kwanza, akakaa. Akaingia kwenye matope na viatu vya Malta. Domina akapiga filimbi ya mdomo. "Kamati imeanza kikao! Kimya, mteuzi anateua!"

Sasa, unajua mpunga pori ulivyo. Ukiwa mchanga unafanana na mpunga wenyewe kama mapacha, na hakuna aliyemwambia. Alifanya kazi kwa bidii, siwezi kumsingizia. Jasho lilikuwa linachuruzika juu ya bendera ya taifa. Alipomaliza mstari akanyoosha mgongo, ule wa kushoto, akatazama nyuma kwa fahari. Stefano akaenda akaokota alichong'oa. Akakiinua juu.

"Ndugu zangu," akasema, "huu ni mpunga. Na kule alikouacha umesimama ni magugu. Sasa tumeelewa ile timu ilivyochaguliwa."

Vaileth, watu walilala kwenye tuta. Mama alicheka mpaka kilemba kikafunguka, na mama hajacheka hivyo tangu Desemba. Mumeo alisimama katikati ya jaruba, masikio mekundu, kashika jembe la kuazima, na mimi nilikuwa nimejiandaa kufurahi. Sikufurahi kama nilivyodhani. Nikamwona tu ni mtu aliyeoa juzi, amesimama kwenye matope, hajui apeleke wapi mikono yake.

Hakutoka nje, lakini. Nilikuwa namtazama kwa hilo. Tuta lilikuwa hatua chache tu.

Domina hakumwachia. "Mteuzi! Goti la mtani wetu likoje?"

Akasema, "Zima."

"Hatusikii, sisi tuko Malta!"

Ndipo akaliweka jembe chini. Akasema kwa sauti iliyowafanya waliokuwa wanapalilia majaruba ya pili wainue vichwa: "Goti la Abeli ni zima. Nililishika mimi mwenyewe. Niliulizwa, nikatoka nje, nikasema ni heshima, na ilikuwa woga. Shangazi, naomba msamaha. Abeli, naomba msamaha."

Hakuna aliyecheka. Hata Domina aliinama akanywa uji ambao ulikuwa umeisha. Mimi nilijifanya kuna kitu natafuta kwenye majani. Kilikuwa kikao kizuri kuliko cha Morogoro, mbele ya wanawake na bata wa mama, na kwa kuwa hakuna aliyeandika kumbukumbu zake nakuandikia wewe.

Mama akasema, "Haya, imetosha. Mwonyesheni mpunga pori ulivyo, aendelee." Nikaingia jarubani mwenyewe, nikamwonyesha, tukapalilia mstari mmoja yeye na mimi bila maneno mengi. Aliniuliza mpira wa juu nautazamaje jua likiwa usoni. Nikamweleza. Jioni alianza kuimba ule wimbo wake asioujua. Domina akamwambia anyamaze, mpunga utakauka.

Siko sawa bado, nisikudanganye. Kila nikipita mtu ananiuliza Malta ilikuwaje, namwonyesha goti na kuendelea na safari. Mama amelitoa koti chini ya godoro, amelitundika ukutani, anasema likae lipate hewa mpaka mchujo mwingine. Nitakuwa mzee wa miaka ishirini na tisa. Goodhope anasema wazee ndio wanajua kusubiri mpira ushuke. Tutaona.

Fungua manukato yako, mwanamke, unanuka sabuni ya mbwa mpaka Kilosa.

Na jambo la mwisho. Ile shikamoo niliyokuandikia Desemba, sikulala vizuri tangu niitume. Ikunje, ifunge kwenye bahasha, uirudishe kwa basi la kesho. Haikuwa yako, na kwa sura uliyo nayo hutaistahili hata ukiwa na wajukuu.

Mumeo wa kwanza,
Abeli